Nyuma ya Mwigizaji

Juma lililopita tulikuwa Chepilat, mji mdogo wa soko katika nchi ya majani ya chai, barabara ya Sotik kwenda Kisii, upande mmoja Bomet na upande wa pili Nyamira. Tuliwazuru jamaa zetu waliohamia huko miaka mingi kwa biashara. Usiku wa kule ni wa baridi kali, na mtu wa pwani hana pa kwenda baada ya Isha ila kujitanda blanketi akanywa chai. Basi tukawa tunatazama filamu za zamani katika simu ya kijana wa nyumbani, pamoja na shangazi yetu aliyelelewa Mombasa.

Katika filamu moja fupi ya kuwavutia watalii, Mzungu mwenye kofia pana alikuwa akishuka garini. Shangazi hakumjali. "Hebu simamisha hapo, mwanangu. Hiyo si Regal hiyo?" Tukairudisha, tukaikuza: nyuma ya gari ulionekana ukuta na herufi chache za jina. Picha yenyewe ilidumu kama sekunde mbili. Shangazi aliizungumza hadi birika likakauka. Alitusimulia onyesho la wanawake peke yao, mabuibui yamejaa mlangoni, watoto wamepakatwa ili wasilipiwe kiti, na vilio ndani kwa picha za Kihindi. Hayo hayamo katika filamu ile. Kilichomo ni ukuta tu.

Tangu hapo tumeshikwa na uraibu wa kutazama filamu bila kumtazama mwigizaji. Jumba la sinema husaidia hata kukadiria umri wa picha. Chukueni Majestic ya Vuga, Unguja. Jengo la kwanza, lililoitwa Royal, lilisanifiwa na J. H. Sinclair katika miaka ya 1920. Liliteketea kwa moto, na jipya, kazi ya Dayaji Pitamber Sachania, likasimama mwaka 1955 likiwa na uso mwingine kabisa. Anayeuona uso huo mpya katika picha ya Vuga hahitaji kuulizia tarehe: ni 1955 au baadaye.

Tahadhari moja. Nairobi ya kale mnayoiona katika Out of Africa, ya 1985, ilijengwa upya kwa ajili ya filamu hiyo. Msiitafute humo Theatre Royal ya 1912, ambayo baadaye iliitwa Cameo. Kweli zaidi ni kinywa cha makanga: hadi leo hutaja Odeon, Globe na Bellevue kuwa vituo, na abiria hushuka bila kukumbuka kwamba yalikuwa majina ya sinema.

Mwenyeji wetu alitusikiliza, kisha akasema, "Nyinyi mna Regal yenu. Sisi huku, nani alitupiga picha?" Mwanzoni mwa 2008, baada ya uchaguzi, maduka ya Chepilat yalichomwa katika ghasia za mpakani. Akaingia chumbani akatoka na kanda ya harusi ya jirani, ya 2006. Msafara wa magari unapita polepole barabara kuu, na nyuma yake mna safu nzima ya maduka. Hakuna aliyemtazama bibi harusi. Mwenyeji alikuwa akiyataja moja moja: hapa mshonaji, Mkisii, hapa wauza mbolea, Wakipsigis, hapa duka letu, lenye rangi ya buluu. Mshonaji alihama na hakurudi. Alipofika kwenye hilo la buluu alinyamaza, nasi tukanyamaza.

Kanda imeanza kuota ukungu pembeni. Mashine ya kuichezesha tuliikopa Sotik, nayo ilitakiwa Jumatatu, kwa hiyo Jumapili nzima kijana aliinakili kwa simu akiielekeza kwenye televisheni. Sauti haikutoka vizuri. Maduka yote yametoka. Wasomaji wetu wa Mombasa wenye kanda za harusi zilizopita mbele ya Regal au Naaz, shangazi anaomba aziangalie kabla macho yake hayajapasuliwa mwezi ujao.