Makunyanzi Hayafutwi kwa Mshahara

Ndugu msomaji, ipo siku utajitazama kiooni na kuona mistari miembamba pembeni mwa macho. Usishtuke, wala usikimbilie dukani na mshahara wa mwezi mkononi. Kwanza yafaa ujue kilichotokea.

Chini ya tabaka la juu la ngozi mna nyuzinyuzi za kolajeni, ambazo huipa ngozi uimara, na za elastini, ambazo huiwezesha kuvutika na kurudi mahali pake. Umri unavyosonga, mwili hupunguza utengenezaji wa nyuzi hizo. Jua kali na moshi wa sigara huzidisha uharibifu. Melanini, yaani rangi yetu nyeusi, hutukinga kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana makunyanzi huchelewa kwetu kuliko kwa wazungu. Basi anayejichubua anaibomoa ngome yake kwa mkono wake mwenyewe.

Na krimu je? Nyingi huzuia tu maji yasipotee ngozini, mistari ikafifia kwa muda. Kazi hiyo hata mafuta ya mgando ya bei nafuu huifanya. Kolajeni ya kupaka haiwezi kujaza iliyopungua, kwani molekuli zake ni kubwa mno kupenya ngozi.

Dawa iliyothibitika ni tretinoini, ya jamii ya vitamini A, ambayo Marekani iliiidhinisha mwaka 1995 kwa ajili ya makunyanzi madogo. Hata hiyo huchukua miezi kadhaa, huweza kuwasha ngozi, na mama mjamzito haimfai. Itumike kwa ushauri wa daktari.

Jihadhari na krimu zisizotaja kilichomo. Baadhi hutiwa zebaki, ambayo hudhuru figo. Nyingine hutiwa steroidi kali, ambazo zikipakwa kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba. Mwenye kutafuta ujana akavuna uzee kabla ya wakati. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Ndugu msomaji, kinga haina gharama kubwa: kofia au mwavuli wakati wa jua kali, mafuta ya kukinga jua kwa mwenye uwezo, na kuacha sigara. Fedha itakayosalia iwanunulie watoto daftari na matunda. Makunyanzi machache ya mzazi hayajamnyima mtoto chakula. Krimu ya bei kubwa yaweza.