Mpenzi wa Siku za Jua

Wenzangu, twajisifu kuwa wapenzi wa timu. Je, tungeweza kungoja kama watu wa Durham, Uingereza?

Mwaka 2016 timu ya kriketi ya kaunti yao iliteremshwa daraja. Ilipanda tena, na Aprili 2024 ikapangiwa kufungua msimu na Hampshire, mchezo wa siku nne. Uwanja ulikuwa umelowa mno, hata mpira mmoja haukutupwa. Kila timu ilipewa pointi 8, nusu ya pointi za ushindi. Watazamaji hawakupewa kitu.

Mashindano yale huanza Aprili kila mwaka, na mvua wanaijua. Hata hivyo huja na miavuli yao. Lakini sisi, timu yetu ya shule ikifungwa mara mbili tu, uwanja huwa mtupu! Nionavyo mimi, mpenzi wa siku za jua tu si mpenzi.