Usinunue Chombo Kabla ya Kukijua Kisiki

Mashamba ya Myanga, sawa na mengi ya Bungoma, yamegawanywa baina ya baba na wana hata yakawa vipande vidogo. Ndiyo maana trekta ndogo, ya nguvu za farasi 20 hadi 40, husifiwa kuwa mkombozi wa mkulima wa kawaida. Lakini kabla ya jembe kuzama ardhini, kuna adui anayelisubiri, naye ni kisiki. Wauzaji wa vyombo nao hawakosi dawa yake. Kila mmoja ana kifaa cha kufunga kwenye trekta, na kila kifaa, kwa maneno ya mwenyewe, chafaa shamba lolote. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Kisiki, udongo na uwezo wa trekta ndivyo vinavyopaswa kutuchagulia chombo, wala si tangazo la biashara.

Historia ya jirani zetu inatufunza. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha Mpango wa Karanga huko Tanganyika, katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mapori yalikuwa mapana na haraka ilikuwa kubwa. Matrekta ya mitumba yalikusanywa, na hata vifaru vya kijeshi aina ya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta. Miti ilianguka, lakini mizizi ikabaki ardhini ikivunja majembe, na udongo wa Kongwa ukakauka ukawa mgumu kama saruji. Mpango huo uliachwa mwaka 1951, baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Wakuu wale hawakupungukiwa na nguvu wala fedha. Walichokosa ni subira ya kuuchunguza mzizi na udongo kabla ya kuagiza mashine.

Sisi kisiki chetu kikubwa ni cha mkaratusi. Mti huu uliletwa Kenya mwaka 1902 ili kutafuta kuni za kuendeshea treni, nao umeenea hata kwenye mipaka ya mashamba, viwanja vya shule na kingo za mito. Mwaka 2009 aliyekuwa Waziri wa Mazingira, marehemu John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo karibu na vyanzo vya maji ing'olewe. Kuagiza ni rahisi. Kung'oa ndiko kwenye kazi. Mkaratusi ukikatwa haufi. Huchipua tena kutoka shinani, na baada ya miaka michache mkulima hujikuta na mashina matatu au manne mahali palipokuwa na moja.

Basi tuvitazame vyombo vyenyewe. Kipo kijiko chembamba chenye meno, kinachofungwa mbele ya trekta ili kukata mizizi na kuinua visiki vidogo. Ni kizuri, ila chahitaji trekta yenye mikono ya kunyanyulia mbele, na nyingi za hapa kwetu hazina mikono hiyo. Upo pia mkono wa kuchimba unaofungwa nyuma, ambao huendeshwa kwa shinikizo la mafuta. Huu hufukua kisiki na mizizi yake mikubwa, lakini huacha shimo la kufukiwa, na bei yake si ya mkulima mmoja. Tatu ni mashine ya kusagia, yaani gurudumu lenye meno magumu linalozungushwa na shafti ya nyuma ya trekta, ambayo kwa kawaida huenda mizunguko 540 kwa dakika. Hukisaga kisiki hadi chini ya uso wa ardhi, pale ambapo machipukizi huanzia. Mizizi ya chini huachiwa mchwa na wakati. Penye mawe, hata hivyo, meno yake huisha upesi, na vipande vya mawe huweza kumjeruhi aliye karibu.

Kuna na njia ya nne, ambayo ndiyo rahisi na ndiyo ya hatari kupita zote: mnyororo. Walimu wa fizikia watanisaidia hapa. Trekta inapovuta kitu kisichosogea, ekseli ya nyuma huwa egemeo. Mnyororo ukifungwa juu ya ekseli hiyo, magurudumu ya mbele huinuka, na trekta nyepesi hupinduka kinyumenyume ikamwangukia dereva kabla hajapata nafasi ya kuruka. Mnyororo wenyewe ukikatika hurudi kwa kasi ya kuua. Kwa sababu hiyo nasema wazi kwamba trekta ndogo haikuumbwa kung'oa kisiki cha mkaratusi uliokomaa kwa kukivuta.

Shauri langu ni hili. Mwenye visiki vitatu au vinne asinunue chochote. Awape vijana sururu na shoka, awalipe kwa haki, naye abaki na kuni. Mwenye visiki vingi ambaye atalima pale pale msimu ujao, akodi mkono wa kuchimba. Mwenye uwanja wa shule, au mpaka ambao hautalimwa karibuni, mashine ya kusagia itamfaa zaidi, mradi anunue kwa ushirika na majirani. Na yeyote atakayenunua ahakikishe kwanza kwamba nguvu na uzito wa trekta yake vinalingana na kifaa, na kwamba vipuri vyake vinapatikana Bungoma au Kitale, wala si ng'ambo tu.

Kwa nini nawaandikia walimu na wanafunzi? Kwa sababu shuleni ndiko hesabu hii inakoweza kufanywa bila ya shinikizo la muuzaji. Darasa la kilimo na liende uwanjani, lipime kipenyo cha visiki, lichimbe kuona mizizi imeenda wapi, likadirie gharama ya sururu, ya kukodi na ya kununua. Wanafunzi wachunguze pia kwa nini unga wa mti mbichi ukichanganywa na udongo huufanya uishiwe na naitrojeni kwa muda, mahindi yakageuka manjano. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari hilo mzazi asiyejua kusoma anaweza kuandikiwa na mtoto wake mwenyewe. Mwanafunzi atakayemzuia baba yake kukopa fedha kwa ajili ya chombo kisichofaa, au atakayeuondoa mnyororo nyuma ya trekta ya jirani, atakuwa ameifaidi elimu yake kabla hata ya mtihani.