Kazi na Maisha: Mukubwa aliyekosa jibu



Vijana wetu wakimaliza masomo wanapenda kuingia katika kompanyi ya mugodi. Zamani waliota atelie, ao biro ya mishahara. Siku hizi wanasikia kuna biro ingine, ile wanaita développement durable, maendeleo ya kudumu, na wanatuuliza: "Baba, ile kazi ni ya kufanya nini kabisa?" Mama mumoja jirani yangu alicheka: "Ni kazi ya kupiga foto siku banagawa madeski ku masomo!" Si uongo wote. Lakini kuna mutu aliyeifanya kazi hii tangu kwenye kiti cha mukubwa mwenyewe, na maisha yake yanafaa kusimuliwa katika nyumba zetu.

Jina lake Ray Anderson, Mumarekani. Hakuchimba shaba wala kobalti. Alitengeneza tapi, zile zinazotandikwa chini katika mabiro na katika benki. Alizaliwa mwaka wa 1934 katika muji mudogo wa West Point, jimbo la Georgia. Baba yake alifanya kazi ya posta, mama yake alikuwa mwalimu. Aliingia chuo kikuu cha Georgia Tech kwa sababu ya kucheza vizuri mupira, ule mupira wao wa kukamata na mikono, akatoka injinia mwaka wa 1956. Kwa miaka mingi alitumikia kompanyi za wengine. Mwaka wa 1973, akikaribia miaka 40, aliacha kazi nzuri yenye mushahara, akatia akiba yake yote katika kompanyi mupya, Interface. Ilitengeneza tapi za vipande vipande kama karo: kipande kimoja kikichafuka, unaondoa kile tu. Biashara ikakua, viwanda vikafika inchi nyingi.

Kwa miaka 21 hakujiuliza vitu vyake vinatoka wapi na vinaenda wapi. Yeye mwenyewe alikiri hivyo. Nyuzi za tapi zinatengenezwa kwa mafuta ya petroli; moshi unapanda, mayi machafu yanashuka, na tapi iliyozeeka inatupwa kwenye shimo la takataka, inakaa pale bila kuoza.

Mwaka wa 1994 wanunuzi wakaanza kuwauliza wauzaji wake: "Kompanyi yenu inafanya nini juu ya mazingira?" Wauzaji wakakosa la kusema. Wakaunda kamati ndogo, wakamuomba mukubwa aje kuwaeleza nia yake. Alisimulia baadaye kwamba hakutaka kwenda. Alikuwa na neno moja tu la kuwapa: tunafuata sheria.

Hapo ndugu, simama kidogo. "Tunafuata sheria." Jibu hilo tumelisikia mara ngapi, siye tunaofua nguo chini ya bomba la kiwanda? Tofauti ya mutu huyu ni kwamba aliona haya juu ya jibu lake.

Katika siku zile zile kitabu kikafika kwenye meza yake. Na ona kilivyofika: binti mumoja alimutumia mama yake, mama yule alikuwa muuzaji katika kompanyi ya Anderson, akakipeleka juu kwa mukubwa. Kilikuwa kitabu cha Paul Hawken, The Ecology of Commerce, kilichotoka mwaka wa 1993. Kinasema biashara kubwa ndiyo inayoharibu dunia, na tena ndiyo yenye nguvu ya kuitengeneza. Anderson alisoma akalia. Alisema ilikuwa kama mukuki uliomuingia kifuani. Alikuwa na miaka 60, umri ambao wengi wanahesabu siku za pansio.

Akasimama mbele ya watu wake, akajiita muporaji wa dunia, na akawaomba wafanye mambo yasiyosikika: kiwanda kisichotupa takataka, kisichokula kitu cha ardhi ambacho hakirudi. Aliufananisha na mulima murefu kupita Everest. Kiisha akaweka mwaka: 2020 tuwe tumefika juu. Wengine walifikiri muzee amepotea akili.

Lakini alikuwa injinia. Alipima. Sikiliza hii, wewe unayejua pompi. Katika miaka ya 1990 walitengeneza kiwanda chao kule Shanghai, inchi ya China. Mapompi ya kuzungusha kitu kimoja tu cha kazi yalihesabiwa na watalaamu kuwa yanahitaji nguvu ya farasi 95. Injinia wao mumoja, Muholanzi Jan Schilham, akatazama tena mupango. Akachagua mabomba manene na mapompi madogo. Tena akapanga mabomba kwanza, mashini nyuma, ili mabomba yaende moja kwa moja bila kona nyingi. Nguvu ikashuka mpaka farasi 7. Hakuleta mashini mupya hata moja ya ajabu. Ni bomba nene tu na njia iliyonyoka.

Mambo mengine yalishindwa. Anderson alitaka kukodisha tapi pahali pa kuuza, ili ikizeeka irudi kiwandani. Wanunuzi hawakupenda sana, na mupango ule haukukua.

Mwaka wa 2009 alisema mbele ya watu kwamba moshi unaopasha dunia moto umepunguka 82 kwa mia, na bado mauzo yamepanda kwa theluthi mbili, faida imekuwa mara mbili. Kwa kuzuia upotevu peke yake walikuwa wameokoa dola karibu milioni 400. Mimi naongeza neno langu hapa: ni hesabu yao wenyewe, na sehemu ya moshi ule haikuondoka kwenye dohani yao, walilipia ipunguzwe pahali pengine. Hiyo si sawa na kuzima moto wako. Lakini alitoa hesabu yake mbele ya wote, mwaka kwa mwaka, na namba zinazoweza kuulizwa.

Na maisha ya nyumbani? Mutu wa kazi hii anasafiri sana. Anderson alizunguka akisema, kwa wanafunzi na kwa wakubwa wenzake, mpaka ugonjwa wa kansa ukamusimamisha. Mwaka wa 2001 alikuwa amemuachia mwingine uongozi wa kila siku. Mara nyingi alisoma mbele ya watu shairi ambalo mufanyakazi wake mumoja alimuandikia, juu ya mutoto ambaye hajazaliwa. Alikufa tarehe 8 Agosti 2011, akiwa na miaka 77. Mwaka wa 2019 kompanyi ikatangaza kwamba imefika pale alipotaka.

Aliacha mabinti wawili. Mwaka wa 2014 jimbo la Georgia lilipa kipande cha barabara kubwa jina lake, karibu na alikozaliwa. Binti yake Harriet hakuridhika na kibao cha jina. Barabara ile ile ya moshi ndiyo aliyoshika: sasa wanajaribu pale umeme wa jua na mambo mengine ya kuisafisha.

Sasa turudi kwetu. Sheria ya mugodi ya mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2018, inadai kompanyi ipatane na wenyeji ile kaye ya ahadi wanayoita cahier des charges. Tena inadai iweke si chini ya 0.3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wa pale. Ni sheria, na kuifuata ni vizuri. Basi kijana, kama siku moja unakaa ndani ya biro ile, ao wewe mama unaitwa kwenye mukutano, wakimaliza kuhesabu madarasa na visima, nyosha mukono. Uliza: "Mayi ya kiwanda yanaenda wapi, na mwaka huu yamepunguka ngapi?"

Andika jibu watakalokupa, pamoja na tarehe, unitumie. Nitalitia hapa.