Lualaba: Gari la zamani livae sura ya jeshi, lakini tairi liwe jipya

Katika mji wa Kolwezi, na kwenye njia zinazokwenda Fungurume, Likasi, Lubudi na Mutshatsha, bado kuna Jeep, Land Rover na Land Cruiser za zamani ambazo wenyewe hawakubali kuziuza kama vyuma chakavu. Wengine wamezirithi kwa baba zao. Wengine wamezinunua zikiwa mifupa mitupu, wakazifufua kidogo kidogo garajini. Injini ikishawaka na rangi ikishakauka, linabaki swali linaloleta ubishi kila mara: gari hilo livalishwe tairi gani? Wengi wanataka tairi la sura ya jeshi, lenye meno makubwa, kama lile ambalo gari lilikuja nalo.

Hamu hiyo si kosa. Gari la zamani ni kumbukumbu, na tairi ndilo linaloipa sura yake kamili. Kosa ni kuchagua tairi kwa macho peke yake. Katika jimbo ambalo gari la miaka 50 linapishana na malori ya madini kutwa kucha, sura ya kale inapaswa kukaa juu ya mpira uliotengenezwa karibuni, wenye kipimo cha gari na nguvu ya kubeba mzigo wake. Mwenye gari akishindwa kupata vyote viwili, aache sura, achukue usalama.

Kwanza ifahamike kwamba «tairi la kijeshi» si kitu kimoja. Jeep za Vita vya Pili vya Dunia zilivaa tairi la kipimo cha 6.00-16, lenye meno yaliyopangwa sawasawa pande zote, ili livute kwenda mbele sawa na kurudi nyuma. Land Rover ilipoanza mwaka 1948, zile fupi zilivaa pia 6.00-16, na baadaye zile ndefu za inchi 109 zikavaa 7.50-16. Jeshi la Uingereza lilipenda meno marefu yaliyolala kama ngazi, mazuri kwa tope. Ubelgiji nayo ilikuwa na Land Rover zake: kuanzia 1952 kampuni ya Minerva ilizitengeneza mjini Antwerp kwa ruhusa ya Rover, kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Land Cruiser za mfululizo wa 70, ambazo kila mtoto wa Kolwezi anazijua, zilianza mwaka 1984 tu. Kwa hiyo anayeweka meno ya Jeep ya 1944 kwenye Land Cruiser ya miaka ya 1980 hajarudisha historia yoyote. Amelivalisha gari koti la mtu mwingine.

Jambo la pili ni kazi ambayo matairi hayo yaliundiwa. Yalikuwa ya mwendo wa pole, shambani, porini, kwenye njia za udongo. Lami yenye maji haikuwa shida yao kubwa. Meno ya mtindo wa Jeep yana njia chache za kutolea maji, na gari likifunga breki ghafula kwenye lami iliyolowa, linateleza. Meno ya ngazi yanapiga kelele, yanaisha haraka kwenye lami, na yanaufanya usukani uyumbe.

Sasa liangaliwe gari hilo likiwa kwenye barabara ya taifa nambari 39, kati ya Kolwezi na Likasi, mvua ya kwanza ikinyesha baada ya miezi ya kiangazi. Vumbi na mafuta yaliyomwagika vinageuka utelezi. Mbele kuna lori la shaba linaloelekea Kasumbalesa, nyuma kuna lori lingine, na pembeni kuna pikipiki, baiskeli za makaa na watoto wanaotoka shuleni. Wakaaji wa eneo hili hawajasahau Februari 2019, wakati lori lililobeba asidi lilipogongana na magari mengine katika kijiji cha Kabwe, kwenye njia ya Kolwezi na Lubumbashi, na karibu watu 20 wakafa. Ajali ile haikuwa ya gari la zamani. Lakini inakumbusha kwamba kwenye njia hii kosa dogo la mtu mmoja linalipwa na wengi, na mita chache za kusimamia gari zinaweza kuwa tofauti ya uhai na kifo.

Hatari kubwa zaidi, hata hivyo, haiko kwenye meno. Iko kwenye umri. Tairi la akiba ya jeshi, lililolala kwenye ghala miaka mingi bila kutembea, linaonekana jipya: meno yote yapo, rangi ni nyeusi. Lakini mpira unazeeka hata ukiwa umelala. Joto, jua na hewa vinaukausha, unakuwa mgumu, unapasuka mipasuko midogo kwenye ubavu na kati ya meno. Muuzaji akipaka dawa ya kung'arisha, mipasuko hiyo haionekani tena. Siku gari linapopakiwa na kukimbia kilomita 80 kwa saa kwenye jua la Oktoba, ndipo ubavu unapofunguka.

Dawa yake ni rahisi na haina gharama: kusoma ubavu. Kila tairi lililotengenezwa tangu mwaka 2000 kwa alama ya DOT lina namba nne mwishoni mwa alama hiyo. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Namba 2319 inamaanisha wiki ya 23 ya mwaka 2019. Zikiwa namba tatu tu, tairi hilo ni la kabla ya mwaka 2000, na halifai kubeba mtu hata likiwa halijawahi kugusa njia. Michelin inashauri tairi libadilishwe likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama meno bado yapo, na tairi la akiba lihesabiwe pamoja na mengine. Ushauri huo ufuatwe zaidi Lualaba, ambako joto, mawe na mizigo mizito havilipi tairi nafasi ya kupumzika.

Habari njema ni kwamba mpenda sura ya zamani hahitaji kununua mpira wa zamani. Kuna viwanda, Marekani na Thailand kati ya nchi nyingine, ambavyo hadi leo vinatoa matairi mapya yenye meno ya mtindo wa zamani. Sura ni ya 1944, mpira ni wa juzi.

Lakini hata kwenye tairi jipya kuna uchaguzi wa kufanya. Kipimo kikiandikwa kwa mstari, kama 7.50-16, tairi kwa kawaida ni diagonali: nyuzi zake za ndani zinapishana kwa mshazari. Kikiandikwa kwa herufi R, kama 7.50R16, ni radiali. Diagonali si adui. Ubavu wake ni mnene, unavumilia mawe makali ya njia za migodi na mashimo ya upande wa Kasaji na Dilolo, mradi mwendo uwe wa pole. Ila linapata joto haraka kwenye mwendo mrefu, na linafuata kila mfereji wa barabara. Radiali linashika lami vizuri zaidi, linapata joto kidogo, linadumu, ingawa ubavu wake unaumizwa na jiwe kwa urahisi zaidi.

Kwa hiyo gari lichaguliwe kwa njia yake. Gari linalobaki shambani na kutembea pole linaweza kuvaa diagonali mpya bila lawama. Gari linalokwenda Lubumbashi, hata mara moja kwa mwezi, livae radiali. La kukataa kabisa ni kuchanganya aina hizo mbili, jambo linalofanyika sana kwa sababu tairi moja limepasuka na dukani limepatikana la aina nyingine. Gari linavuta upande, na kwenye kona nyuma inaweza kutoroka. Zaidi ya hayo, kwenye Land Rover za zamani, wakati magurudumu yote manne yanavuta, mbele na nyuma vimefungwa pamoja. Tairi likiwa refu kuliko lingine, giaboksi ndiyo inayoumia.

Kwa Land Rover ndefu na Land Cruiser nyingi, jibu liko karibu kuliko wengi wanavyodhani. Kipimo cha 7.50R16 kinavaliwa na Land Cruiser nyingi za kazi, kwa hiyo kinajulikana kwa wauzaji na kwa mafundi. Lipo pia tairi la kipimo hicho lenye sura halisi ya jeshi: Michelin XZL, radiali yenye meno mapana, lilivaliwa na Land Rover Defender za jeshi la Uingereza za miaka ya 1990. Asiyeweza bei yake atafute lingine la kipimo kile kile lenye meno mazito. Cha muhimu ni namba ya mzigo na herufi ya mwendo. Namba 116 maana yake tairi linabeba kilo 1250. Herufi L ni kilomita 120 kwa saa, na N ni 140. Kwa Jeep ndogo, 7.50 ni kubwa mno. Linagusa bodi, linafanya usukani uwe mzito, na linadanganya mshale wa mwendo. Ibaki na 6.00-16.

Onyo moja linawahusu makwado, mafundi wa kando ya njia wanaoziba matairi ya kila aina. Baadhi ya Jeep za vita zina janti ya vipande viwili vilivyofungwa kwa bolti. Anayefungua bolti hizo kabla ya kutoa upepo wote anafungua bomu dogo usoni mwake. Mwenye gari ana wajibu wa kumwambia kijana wa kwado kabla hajashika ufunguo.

Wapo watakaosema kwamba yote haya yanaua uzuri wa gari, na kwamba gari lisilo na tairi lake la asili si gari lile tena. Hoja hiyo ina uzito kwa gari la maonyesho. Kwa huyo kuna njia ya kati: seti mbili za magurudumu. Moja ya sura, ya harusi na sikukuu, kwa mwendo wa pole mjini Dilala na Manika. Nyingine ya safari. Ni gharama, ndiyo, lakini seti ya sura haichakai, na anayeweza kufufua gari zima anaweza kupanga gharama hiyo kwa miezi.

Kuna pia upande ambao haupimwi kwa upepo wala kwa kilo. Kolwezi si mji wowote. Tarehe 13 Mei 1978 wapiganaji wa FNLC waliotoka Angola waliuteka, na tarehe 19 askari wa Ufaransa wakaruka kwa miavuli juu yake. Mamia ya watu, Wakongo na wageni, walikufa. Wazee waliokuwa vijana siku zile bado wako hai, na gari la kijeshi barabarani halionekani machoni pao kama mchezo. Kwa hiyo meno ya tairi yatoshe. Rangi ya jeshi, alama na namba za kikosi ziachwe: zinaamsha uchungu wa wenyeji, na kwenye kizuizi cha usiku zinaweza kumfanya askari mwenye wasiwasi amwone raia kama mtu mwingine. Nyeupe au bluu kwenye Land Rover ya zamani haijamwondolea mtu heshima.

Wajibu si wa wenye magari peke yao. Ofisi ya Kongo ya Ukaguzi, OCC, ambayo kazi yake ni kukagua ubora wa bidhaa zinazoingia nchini, ingefanya jambo kubwa kwa kusoma tarehe ya kila tairi la mtumba mpakani Kasumbalesa na kukataa yaliyozeeka. Polisi ya barabarani, badala ya kuishia kwenye makaratasi, ingeinama na kusoma ubavu. Muuzaji naye aandike mwaka wa tairi kwenye risiti. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloomba mtambo wala bajeti mpya. Linaomba macho.

Magari haya yameishi kuliko majina ya nchi yenyewe: mengine yalikuja Kongo, yakatembea Zaire, na yakarudi Kongo bila kuondoka garajini. Yanastahili kuendelea. Lakini yataendelea tu ikiwa wenyewe watakubali kwamba mwaka unaohesabika zaidi hauko kwenye kadi ya gari. Uko kwenye ubavu wa tairi, na unasomeka bure.