Je, Konstebo Anahitaji Shahada ya Chuo Kikuu?

Tangu zamani imesemwa kwamba kazi ya uaskari hufundishwa kwa miguu, yaani kwa kwata, lindo na doria, na kwamba kalamu ni ya makarani. Usemi huo umepitia majaribu makubwa huko Uingereza katika miaka hii ya karibuni, na hapana budi sisi tuvaao sare tuyafuatie kwa makini yaliyotokea, kwa maana yanatuhusu zaidi kuliko tunavyodhani.

Mnamo Disemba 2016 Chuo cha Upolisi, ambacho huweka kanuni za kazi hiyo katika Uingereza na Wales, kilitangaza kwamba kuanzia mwaka 2020 kila konstebo mpya atapaswa kufikia elimu ya kiwango cha shahada. Asiyekuwa nayo angeandikwa kama mwanagenzi, akafanya kazi huku akisoma kwa miaka 3. Mwenye shahada ya fani nyingine angesoma miaka 2 akiwa kazini. Na wengine wangesomea upolisi chuoni kabla ya kuandikwa. Kikosi cha Lincolnshire kilikwenda mahakamani mwaka 2019 kuupinga utaratibu huo, kikilalamika kwamba saa za darasani zitawaondoa askari barabarani. Kilishindwa. Hata hivyo, mnamo Novemba 2022 Waziri wa Mambo ya Ndani wa wakati huo, Bi Suella Braverman, aliagiza kwamba mlango wa wasio na shahada usifungwe, na mwaka 2024 njia mpya ya mafunzo bila shahada ikaanza.

Wapo waliofurahi, wakidai kwamba kalamu imeshindwa na buti limeshinda. Kwa maoni yangu wamefurahi bure. Jambo la kuulizwa si cheti, bali ni kitu gani konstebo anakwenda kukitafuta chuo kikuu.

Mtu wa kwanza kulileta jambo hili alikuwa askari mwenzetu. August Vollmer alipigana Ufilipino katika jeshi la Marekani mwaka 1898, akarudi nyumbani akawa mbeba barua, na mwaka 1905 akachaguliwa kuwa mkuu wa ulinzi wa mji wa Berkeley. Hakuwa na shahada yoyote. Aliwapandisha askari wake baiskeli, akawafungulia shule mwaka 1908, na mwaka 1916 akashirikiana na Chuo Kikuu cha California kuanzisha masomo ya elimu ya uhalifu. Yeye hakuwa akitafuta heshima ya joho. Alikuwa amechoka kuona askari wake wakifanya mambo yale yale kila usiku bila kujua kama yanafaa.

Na hapo ndipo penye kiini. Chukua mfano wa doria. Nani kati yetu hajaamini kwamba gari la polisi likipita mara kwa mara wezi hujificha? Mjini Kansas City, kuanzia Oktoba 1972 hadi Septemba 1973, polisi walikubali imani hiyo ipimwe. Maeneo 15 ya doria yaligawanywa mafungu matatu. Katika 5, doria ya kawaida iliondolewa kabisa, na gari liliingia pale tu raia alipopiga simu. Katika 5 mengine mambo yaliachwa kama yalivyokuwa. Na katika 5 ya mwisho doria iliongezwa mara mbili hata tatu. Mwaka ulipokwisha, uhalifu haukuonyesha tofauti ya maana, wala hofu ya wananchi haikupungua pale magari yalipoongezwa. Wengi hawakutambua hata kwamba kitu kimebadilika! Hesabu ya mafuta na matairi naiachia kila mkuu wa kituo aifanye mwenyewe.

Msomaji asije akadhani kwamba doria haina faida. Mwaka 1989 Lawrence Sherman na wenzake walionyesha kwamba mjini Minneapolis nusu ya miito yote kwa polisi ilitoka katika asilimia 3 tu ya mahali pote mjini. Basi kilichokosewa ni kuzungukazunguka popote. Askari apelekwe pale panapowaka.

Elimu hiyo imewahi kufika hata kwetu. Wataalamu wawili wa Marekani, Marshall Clinard na Daniel Abbott, walilinganisha mitaa miwili ya watu wa kipato kidogo mjini Kampala, mmoja wenye uhalifu mwingi na mwingine wenye uhalifu mchache, wakachapisha kitabu mwaka 1973. Umaskini ulikuwa kote kuwili. Tofauti ilikuwa kwamba katika mtaa wenye utulivu majirani walitembeleana zaidi na hawakuhamahama. Askari anayejua hilo hamdharau mzee wa mtaa anapokuja kituoni.

Lakini chuo kikuu nacho kina makosa yake. Baada ya sheria ya mwaka 1968, serikali ya Marekani iliwalipia polisi wengi karo, vyuo vikafunguliwa kila upande, na mwaka 1978 tume iliyochunguza iligundua kwamba vingi vilifundisha taratibu za kituoni tu, tena kwa masimulizi ya maafisa wastaafu. Tume ilipendekeza kijana asome kwanza, ndipo aandikwe. Hapo sikubaliani nayo. Asiyepata kusimama lindo usiku wa mvua hana swali la kwenda nalo darasani. Afadhali mpango wa Norway, ambako katika miaka 3 ya masomo ya polisi mwaka wa kati hutumika kazini.

Nilipokuwa katika chuo cha ukadeti, neno “kwa nini” lilikuwa na adhabu yake, na katika uwanja wa vita naona ni haki. Lakini ulinzi wa raia si vita. Amri isiyofaa huko huweza kurudiwa miaka 20 bila mtu kujua. Ndiyo sababu msomi akirudi apewe eneo na majalada, aulizwe nini kinafaa na nini hakifai. Namjua afisa mmoja aliyerudi kutoka masomoni na shahada yake ya elimu ya uhalifu. Alikabidhiwa funguo za ghala ya mablanketi, na yuko huko mpaka leo.