Waokoaji, jinamizi na hipnosisi: ni tiba au mazingaombwe?

Ukitaja neno hipnosisi kijiweni, watu wanaanza kucheka. Mmoja anakumbuka sinema ya jamaa anayezungusha saa mbele ya macho ya mtu. Mwingine anakwambia ndiyo ile ya matapeli wa stendi: anakushika bega, unazubaa, unatoa simu na pesa kwa mkono wako mwenyewe. Wa tatu anamaliza mjadala kwa kusema huo ni uchawi wa Kizungu. Haya, leo tuweke utani pembeni kidogo wadau, kwa sababu hii ni tiba ambayo madaktari na wanasaikolojia wa nchi kadhaa wanaitumia kwa watu walioona mambo mazito. Na sisi watu wa namna hiyo tunao wengi.

Ni akina nani? Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa Nairobi, watu 213 walikufa pale, na wengine 11 Dar es Salaam siku hiyohiyo. Kabla wataalamu wa nje hawajafika na mbwa wao na mashine zao, walioingia kwenye kifusi ni wazima moto, askari, na wapita njia tu waliovua koti na kuanza kubeba mawe. Chini ya jengo la Ufundi alifukiwa mama mmoja aliyekuwa akiongea na waokoaji kwa siku kadhaa. Walipomfikia, alikuwa ameshafariki. Nchi nzima ilimlilia yule mama, na ilikuwa haki yake. Lakini hivi waliokuwa wakiongea naye, waliporudi nyumbani usiku ule walilala vipi?

Tangu hapo orodha imeendelea. Garissa, Aprili 2015, watu 148. Ukara, Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka wakafa zaidi ya 220, na wa kwanza kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Morogoro, Agosti 2019, lori la mafuta lilipolipuka. Kariakoo, Novemba 2024, ghorofa lilipoanguka. Kila mara tunasoma idadi ya waliokufa na idadi ya waliookolewa. Idadi ya waokoaji waliobaki na jinamizi hatuisomi kabisa.

Tatizo lenyewe lina jina. Madaktari wanaliita PTSD, na tangu 1980 limo kwenye kitabu cha Wamarekani cha kutambua magonjwa ya akili. Dalili zake wengi mnazijua hata kama jina hamlijui: tukio linarudi kichwani kama mkanda wa video usiozimika, usingizi unakata, mlango ukibamizwa mtu anaruka, harufu ya nyama choma inamkimbiza kwa sababu inamkumbusha moto. Halafu anaanza kukwepa watu, anakuwa mkali kwa mama watoto, na bia zinaongezeka.

Hapa tusitie chumvi. Baada ya bomu la Oklahoma City la mwaka 1995, watafiti waliwapima wazima moto 181 walioshiriki uokoaji. Asilimia 13 walikuwa na PTSD iliyotokana na bomu lile. Kwa wanaume walioumizwa na mlipuko wenyewe ilikuwa asilimia 23. Maana yake mwokoaji aliyezoea kazi ana kinga fulani, na wengi hawaugui. Ila utafiti uleule ulikuta karibu nusu ya wazima moto wale walishawahi kuwa na tatizo la pombe wakati fulani maishani, na wengi wao tangu kabla ya bomu. Yaani kazi hii na chupa vilikuwa marafiki wa siku nyingi. Nani atasema kwetu ni tofauti?

Sasa hipnosisi inaingiaje? Jina hili lilienezwa miaka ya 1840 na James Braid, daktari mpasuaji wa Scotland aliyefanya kazi Manchester. Vita Kuu ya Kwanza ilipoleta askari waliotetemeka na kupoteza sauti bila jeraha lolote, baadhi ya madaktari wa jeshi la Uingereza, kama Charles Myers na William Brown, waliitumia. Mwaka 1955 chama cha madaktari wa Uingereza kiliikubali kama njia halali ya tiba. Kwa hiyo si kitu kilichozuka jana kwenye YouTube.

Inavyofanyika ni hivi. Unakaa kwenye kiti au unalala. Mtaalamu anakuongoza kwa sauti uelekeze akili sehemu moja: pumzi, uzito wa mikono, sehemu unayoijua na kuipenda. Hulali, na wengi wanakumbuka kila kilichosemwa. Ni kama pale unaposikiliza mpira redioni, mtu anakuita mara tatu husikii. Ukishatulia, anaweza kukuambia ulitazame lile tukio kama lipo kwenye televisheni ya mbali, na rimoti unayo wewe: unapunguza sauti, unasimamisha, unazima. Mwili unajifunza kwamba kumbukumbu ni kumbukumbu, si tukio linalotokea upya. Mwishoni unafundishwa kujituliza mwenyewe, ili siku ya zamu king'ora kikilia pumzi ishuke badala ya moyo kwenda mbio. Na ile hofu ya kupelekeshwa kama roboti haina msingi. Usilotaka kufanya unaweza kulikataa, na ukitaka kunyanyuka unanyanyuka.

Inasaidia kweli? Hapa ndipo inabidi tuwe makini. Kule Israel, utafiti wa mwaka 2008 uliwachukua watu 32 waliotoka vitani na PTSD na shida ya usingizi. Wote walikuwa tayari kwenye dawa za kawaida. Kundi moja likaongezewa kidonge cha usingizi, jingine hipnosisi mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili. Kundi la hipnosisi lilipata nafuu zaidi, na mwezi mmoja baadaye nafuu ilikuwepo bado. Habari njema, lakini watu 32 ni wachache. Australia walichukua watu 87 waliopata ajali za barabarani au kushambuliwa, wakalinganisha tiba ya mazungumzo ya kubadili fikra na tabia ikiwa peke yake, na tiba hiyohiyo ikiongezewa hipnosisi. Mwanzoni waliopata hipnosisi walipungukiwa zaidi na ule mkanda wa video kichwani. Baada ya miaka mitatu makundi yale mawili yalikuwa sawa. Na angalieni: tafiti hizi mbili hazikuwapima waokoaji.

Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 ulipendekeza tiba ile ya mazungumzo, na ile ya kuhamisha macho huku na huku wakati unakumbuka tukio. Hipnosisi haimo kwenye orodha. Msimamo wangu basi ni huu: hipnosisi ni tandiboi, dereva ni tiba yenyewe. Tandiboi mzuri anarahisisha safari. Akikamata usukani peke yake, mnaingia mtaroni.

Na mtaro upo. Mtu akiwa kwenye hali ile, maswali mabovu yanaweza kumpandikizia kumbukumbu ambayo haikutokea, naye akaiamini kabisa. Kwa mwokoaji hili ni zito, maana kesho anaweza kuitwa shahidi: ghorofa lilianguka vipi, nani alifunga mlango. Mahakama nyingi za Marekani zimeukataa au kuuwekea masharti ushahidi ulioamshwa kwa hipnosisi, na zina sababu. Kwa hiyo lengo liwe kumtuliza mtu, si kumchimba.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya wenzetu havitatusaidia sana. Tiba hii ni maneno matupu, kwa hiyo lugha na picha ndiyo dawa yenyewe. Vitabu vingi vinapenda kumpeleka mgonjwa ufukweni, maji yametulia, mawimbi yanapiga taratibu. Haya, mwambie hivyo mvuvi wa Ukara aliyevuta maiti kutoka kwenye maji yaliyotulia! Umemrudisha palepale. Anahitaji mtu atakayemuuliza kwanza sehemu gani kwake ni salama, pengine ni kivuli cha mti nyumbani kwao, na aongee naye kwa lugha anayoiotea ndoto. Wataalamu wa hivyo hatutaletewa na ndege. Inabidi tuwafundishe sisi wenyewe, kutoka miongoni mwa wanasaikolojia na wauguzi wa afya ya akili tulionao.

Lakini kabla ya hipnosisi kuna mlango wa kufungua. Kwenye vikosi vyetu mtu akisema halali usiku anaitwa mlaini, na anaogopa kuondolewa zamu au kukosa cheo. Mvuvi, bodaboda na machinga waliookoa watu hawana hata kikosi cha kuwauliza. Msalaba Mwekundu wa Kenya ulitoa msaada wa kisaikolojia baada ya Westgate na Garissa, na hilo ni la kupongezwa. Ila msaada wa wiki za kwanza hautoshi, kwa sababu kuna wanaoanza kuumia miezi baadaye, kamera zikishaondoka. Tunachohitaji ni utaratibu: kila aliyeingia kwenye kifusi au majini aandikwe jina, aulizwe hali yake baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi sita, na kusema kwake kusimharibie kazi. Hapo ndipo mtaalamu aamue kama hipnosisi imfae au la.

Tusipofanya hivyo, nafasi itajazwa na matapeli. Siku si nyingi mtaona mabango kwenye nguzo za umeme: hipnosisi inaondoa hofu, inarudisha mpenzi, inavuta pesa. Anayekuahidi kukuponya jinamizi siku moja, muulize amesomea wapi na anasajiliwa na nani. Akianza kukasirika, ondoka.

Nimemaliza upande wangu. Kama kuna mzima moto, muuguzi au dereva wa ambulensi anapita hapa, tungependa kusikia kutoka kwako kuliko kwa mtu mwingine yeyote: baada ya tukio kubwa, kuna aliyewahi kukuuliza unalala vipi? Jina si lazima. Uwanja ni wenu.